Maisha ya Marehemu Salum Abdallah wa Cuban Marimba

Katika gazeti hili zimekwisha kuandikwa mara nyingi habari za Mtemi Mirambo, za Dakta Livingstone aliyekaa Kwihara, na za Mwalimu Nyerere aliyesoma na kufundisha katika mji wetu huu wa Tabora. Habari hizo ni njema na sina neno nazo. Lakini muhula huu nimemwomba Mhariri anipe nafasi niandike maisha ya mtu ambaye hakuwa mtemi, wala mpelelezi, wala mwanasiasa. Alikuwa mwanamuziki. Jina lake Salum Abdallah Yazidu, na watu wa zamani walizoea kumwita kwa herufi tatu za jina lake, SAY. Alifariki mwaka 1965, kabla wazazi wa wengi wetu hawajazaliwa. Hata hivyo mzee aliyekuwa kijana siku zile, ukimtajia Cuban Marimba, huacha analolifanya na kukutazama upya, kana kwamba umemtajia ndugu yake.

Pengine msomaji atauliza, mtu wa Morogoro anatuhusu nini sisi tulioko Tabora? Jibu ni njia. Zamani za misafara, aliyetoka Bagamoyo kuja bara alipita chini ya milima ya Uluguru, penye mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, ndipo ulipo Morogoro leo. Akapita Mpwapwa, akaikata Ugogo kwa kiu na kwa hongo, halafu akafika Unyanyembe, yaani hapa kwetu, ambapo misafara ilipumzika siku nyingi kabla ya kushika njia ya Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Walikwenda pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na waya za shaba. Tena walirudi na nyimbo. Mbele alikwenda kirangozi, na ngoma ikipigwa, na watu nyuma wakiitikia, maana mzigo wa ratili sitini hauchukuliki kimya kwa miezi mitatu. Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa katika minyororo, na si haki kuisifu njia bila kuwataja.

Kisha reli ikaja. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mpagazi akatua mzigo, garimoshi likauchukua, lakini njia ikabaki karibu ile ile. Mambo ya ngoma nayo yakapanda garimoshi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na makarani walieneza katika miji mingi ya bara ile ngoma ya beni iliyozaliwa pwani, ngoma ya kuigiza bendi ya jeshi, yenye vyeo vya kijenerali na suruali zilizopigwa pasi. Ikawa na pande mbili, Marini na Arinoti, na watu wakashindana kwa mavazi na karamu mpaka mifuko ikatoboka. Baada ya beni likaja dansi. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Mtu wetu alikua katikati ya mambo hayo.

Salum Abdallah alizaliwa Morogoro mwaka 1928. Baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Basi nyumbani mwake mlikutana pwani na mlima, na nadhani jambo hilo si dogo, ingawa sitaki kulifanya kuwa sababu ya kila kitu kama wafanyavyo waandishi wengine.

Morogoro ya utoto wake ilikuwa mji wa stesheni na wa mkonge. Mashamba ya mkonge yaliuzunguka, na wakataji wake wengi walitoka mbali. Hapa ndipo Tabora inapoingia tena katika habari hii. Watu wetu, ambao baba zao walikuwa wapagazi, walikwenda sasa kukata mkonge kwa mikataba. Wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Toka mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao maalumu ya kuwatafuta wafanyakazi wa namna hiyo hata bara. Baba yake babu yangu alikuwa mmoja wao. Mtu aliyekata mkonge mwezi mzima, mikono ikachomwa na miiba, akipata mshahara wake Jumamosi hutafuta mahali pa kusahau mgongo wake. Mahali penyewe palikuwa ukumbi wa dansi, na aliyebakiza senti alinunua santuri.

Santuri ndizo zilizomshika Salum. Kampuni moja ya Uingereza, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni, ilianza mwaka 1933 kutoa mfululizo wa santuri zenye herufi GV kwa ajili ya kuuzwa katika Afrika. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za Kuba: rumba, son, bolero. Wenye kampuni hawakuwa na mapenzi maalumu na sisi. Walikuwa na nyimbo ghalani, wakaona zinanunuliwa, wakazidi kuzileta. Lakini ajabu ni jinsi watu walivyozipokea, toka Leopoldville hadi Tanga, kana kwamba ni kitu walichokipoteza kikarudishwa.

Nami naamini kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kisiwa cha Kuba kilijazwa Waafrika waliochukuliwa utumwani kwa meli, wengi wao kutoka Kongo na pwani ya Gine. Walinyang'anywa kila kitu ila waliyoyabeba kichwani, na katika hayo zilikuwamo ngoma zao. Huko wakakutana na gita la Wahispania, na kwa muda wa miaka mingi vitu hivyo viwili vikachanganyika vikawa kimoja. Ukiisikiliza son ya zamani utasikia vijiti viwili vya mbao vikigongana kwa mwendo usiobadilika, ngoma ndogo zikijibizana, na mwimbaji mmoja anayeongoza huku wengine wakiitikia. Mwendo huo wa kuongoza na kuitikia nani hapa hajui? Ndio mwendo wa kirangozi na wapagazi wake.

Kijana Salum aliupenda muziki huo hata akataka kuufuata kwao. Aliondoka Morogoro akaenda Mombasa, nia yake apate meli ya kumfikisha Kuba. Hakuipata. Safari yake ikaishia bandarini, akarudi nyumbani. Watu husimulia habari hii kwa kucheka, lakini mimi siioni kuwa ya kuchekesha sana. Toka Mombasa hata Kuba ni nusu ya dunia, na kijana mwenyewe hakujua Kihispania, hakuwa na mtu wa kumpokea, wala hakuwa na sababu nyingine ya kwenda ila sauti aliyoisikia katika kisanduku. Wako vijana wengi leo wanaotamani kwenda ng'ambo kwa sababu ya fedha. Huyu alitaka kwenda kwa sababu ya wimbo.

Aliporudi hakukaa kulia. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 20, alikusanya vijana wenzake wakaanzisha bendi, wakaiita La Paloma, maana yake Njiwa. Jina hilo walilitoa katika wimbo mashuhuri. Hapa nitatoka kidogo nje ya njia. Wimbo wa La Paloma hakuutunga mtu wa Kuba. Uliutungwa na Mhispania, Sebastián Iradier, aliyepata kuizuru Kuba akavutiwa na mwendo wa muziki wa huko, akaurudisha kwao Ulaya. Alifariki mwaka 1865, miaka mia kamili kabla ya Salum. Basi tazama: mwendo wa Waafrika wa Kuba ukachukuliwa na Mhispania, ukazunguka Ulaya, ukaandikwa katika santuri, ukafika kwa kijana wa Kiluguru na Kiarabu chini ya milima ya Uluguru, naye akalitundika jina lake mlangoni. Aniambie mtu ni nani hapo mgeni na ni nani mwenyeji.

Baadaye bendi ikabadilishwa jina ikawa Cuban Marimba. Jina hili pia lina kichekesho chake. Sehemu ya kwanza ni ya Kuba. Sehemu ya pili ni neno letu la Kibantu, lililovuka bahari pamoja na watumwa likaenea Amerika yote, hata wengine hudhani limezaliwa huko. Salum akaliita lirudi nyumbani.

Katika bendi hiyo Salum alikuwa kiongozi, mtunzi na mwimbaji. Siku hizi tuna neno mtayarishaji, yaani mtu anayekaa mbele ya kompyuta akaunda midundo, akapanga sauti, akaamua wimbo uwe mrefu kiasi gani na uanze na nini. Siku zile neno hilo halikutumika, lakini kazi ilikuwapo, na kiongozi wa bendi ndiye aliyeifanya, kwa watu walio hai badala ya mashine. Ilimpasa kujua gita hili liingie lini na lile linyamaze lini. Ilimpasa kugeuza cha-cha-cha na bolero ziweze kubeba maneno ya Kiswahili, ambayo hayaendi kama Kihispania. Jambo hili wengi hawalifikirii. Kiswahili hukaza sauti katika silabi ya pili toka mwisho, tena maneno yetu karibu yote huishia kwa vokali. Ukiyatia ovyo katika mwendo wa kigeni, wimbo huchechemea. Bendi nyingine za wakati ule zilikwepa taabu hiyo kwa kuimba maneno yanayofanana na Kihispania, ambayo waimbaji wenyewe hawakuyajua maana, na wachezaji pia hawakuyajua, wote wakawa sawa. Salum aliimba Kiswahili, na Kiswahili chake ni safi, chenye mizani ya watu waliozoea kusikia mashairi.

Juu ya hayo liko jambo la fundi mitambo. Nyimbo za Cuban Marimba zilitolewa katika santuri za Mzuri, ambazo wenyewe walikuwa Assanand na Wanawe, wafanya biashara wa Mombasa. Msomaji atakumbuka kwamba Mombasa ndipo kijana Salum alipokwama. Mji uliomnyima meli ndio uliompa santuri, na santuri zikasafiri mahali pengi kuliko ambavyo yeye mwenyewe angeweza kusafiri.

Kunasa sauti siku zile hakukuwa mchezo. Leo mpiga gita anaweza kupiga sehemu yake Jumatatu, mwimbaji akaja Alhamisi, na aliyekosea akarekebishwa kwa kubonyeza kitufe. Wakati ule bendi nzima ilisimama chumbani mbele ya mikrofoni, mwenye sauti ndogo akasogea karibu, mwenye ngoma akarudishwa nyuma, wakapiga kwa pamoja toka mwanzo hata mwisho. Akikosea mmoja, wote huanza upya. Tena upande mmoja wa santuri ile ya mizunguko 78 ulichukua dakika tatu hivi tu. Wimbo ambao ukumbini ulikwenda robo saa, watu wakitoka jasho, ilikuwa lazima ufupishwe usipoteze ladha. Nafikiri hapo ndipo ufundi wa Salum unapoonekana zaidi. Sikiliza wimbo wake uitwao Ngoma Iko Huku. Hauna kitu cha kuongeza wala cha kupunguza. Na jina lake laonyesha kwamba yule kijana wa bandarini alikuwa amekwisha kupata jibu la swali lake: hakuna haja ya kuvuka bahari.

Mbali na santuri ilikuwako redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1956 likawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mtu ambaye hakuwa na fedha ya gramafoni aliweza sasa kusikiliza kwa jirani au dukani. Hivyo bendi ya Morogoro ikajulikana hata kwa watu ambao hawakupata kushuka katika stesheni ya Morogoro.

Mjini kwenyewe Cuban Marimba ilikuwa na mpinzani, nayo ni Morogoro Jazz. Mji mdogo, bendi mbili kubwa. Mwenye akili ataelewa yaliyotokea. Watu waligawanyika kama wanavyogawanyika leo Simba na Yanga, na kama babu zao walivyogawanyika Marini na Arinoti. Ushindani huo uliwafaa wote. Hapana bendi iliyoweza kulala, maana ukilala wiki mbili bila wimbo mpya, wachezaji wako utawakuta kwa mwenzio. Wakati wa kudai uhuru bendi za dansi zilipiga pia katika mikutano na sherehe za TANU, na Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, nchi nzima ilicheza dansi. Katika miaka ile Salum alikuwa katika nguvu zake zote, mtu wa miaka 33.

Sasa nirudi Tabora, nisije nikasahau nilikoahidi kufika. Dansi lililopanda garimoshi lilikuta hapa watu tayari. Kiko Kids ya Salim Zahoro ilikuwa ya Tabora, nayo kama Cuban Marimba ilikunywa katika kisima kile kile cha rumba na cha-cha-cha. Zilikuwako pia Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz iliyosifika kwa mtindo wake wa Segere Matata, ambamo baadaye aliingia Shem Karenga, mtu wa Kigoma, aliyeitungia nyimbo zinazopigwa redioni mpaka leo. Na watu wa Jimbo la Magharibi waliohamia Dar es Salaam walianzisha huko Western Jazz, jina lenyewe likionyesha walikotoka. Kwa hiyo njia haikuwa ya upande mmoja. Kama zamani, mizigo ilikwenda na mizigo ilirudi. Nimewahi kukutana na wanafunzi wenzangu wa mji huu huu ambao hawajasikia hata jina moja katika haya niliyoyataja. Wanajua majina ya wanamuziki wa Lagos na wa Atlanta, nami nayajua. Lakini mji ulioweza kulisha bendi tatu mashuhuri haustahili kusahauliwa na watoto wake.

Hapa nataka kusema jambo lililonifanya nishike kalamu. Muhula uliopita tulikuwa na mdahalo, na hoja ilikuwa kwamba muziki wa kigeni unaua utamaduni wetu. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Msemaji mmoja wa upande wa pili, kijana hodari sana wa maneno, alimtaja Salum Abdallah kama mfano. Alisema kwamba mtu aliyeita bendi yake jina la Kuba, akatamani hata kukimbilia huko, alikuwa mtumwa wa akili, na kwamba singeli na muziki wote unaoundwa leo kwa kompyuta ni watoto wa utumwa ule ule. Ukumbi ukashangilia, na kwa kura tukashindwa. Tulipewa dakika nne tu kila mmoja, na haya ninayoyaandika hayaenei katika dakika nne.

Sikatai kwamba Salum alianza kwa kuiga. Kila mwanafunzi huanza kwa kuiga. Hata mwandiko wetu tuliuiga ubaoni. La kuuliza ni kwamba aliyeiga aliishia wapi. Kama Salum angebaki kupiga nyimbo za santuri za GV kama zilivyo, leo tusingekuwa na sababu ya kumtaja. Alichofanya ni kuuchukua mwendo, akautia lugha yetu, akautia mambo ya mapenzi na ya mawaidha na ya taifa jipya, akaucheza mbele ya manamba wa Unyamwezi na makarani wa Kiluguru, hata wakaona ni wao. Nguo za kaniki na shuka za marekani nazo zilikuja kwa misafara toka nchi za mbali, na leo hakuna atakayemwambia mganga wa Kinyamwezi aliyevaa kaniki kwamba amevaa vazi la kigeni.

Na juu ya kompyuta, jambo ni lile lile. Vijana wa Dar es Salaam wanaounda singeli huchukua vipande vya taarabu na vya ngoma, wakaviharakisha kwa mashine mpaka mguu usiweze kuvifuata. Masikio ya wazee huumia, nami hukiri kwamba yangu pia huumia nyakati nyingine. Lakini gita la umeme nalo liliumiza masikio ya wazee wa siku za Salum. Mimi mwenyewe napenda kazi hiyo ya kuunda midundo. Likizo iliyopita binamu yangu alinionyesha katika kompyuta yake jinsi ya kuipanga, nikakaa mbele yake mpaka usiku wa manane. Baba hapendi. Anaona ni kazi ya wahuni na kwamba matokeo yangu ya mtihani wa Kidato cha Nne yataonyesha nilikolala. Pengine baba wa kila mpiga muziki tangu enzi za beni alisema vivyo hivyo. Simlaumu, yeye ndiye anayelipa nauli yangu. Lakini nilipokuwa nikitafuta habari za Salum nilikuwa natafuta pia kujua kama mtu anaweza kuifanya kazi hii akabaki mtu wa heshima katika mji wake. Salum alibaki Morogoro. Alikuwa na jina nchi nzima na hata Kenya, na mji wake ukabaki kuwa Morogoro.

Maisha yake hayakuwa marefu. Mwaka 1965 alifariki katika ajali ya gari, akiwa na miaka kama 37. Ndio mwaka ule ule ambao Shirika la Utangazaji liligeuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, chombo ambacho kwa miaka mingi baada ya hapo kilinasa karibu bendi zote za nchi. Mara nyingi nafikiri angefanya nini kama angeishi miaka mingine kumi, kuzikuta studio za taifa na magita ya umeme yenye nguvu. Lakini hayo ni mawazo tu.

Bendi haikufa naye. Juma Kilaza aliishika Cuban Marimba akaiongoza, nayo ikaendelea kuvuma katika miaka iliyofuata. Upande wa pili, Morogoro Jazz ilikuwa imempata kijana Mbaraka Mwinshehe, ambaye gita lake lilikuja kuwa mashuhuri Afrika Mashariki yote. Hivyo vita vya mji ule viliendelea kwa majemadari wapya. Mbaraka naye, kwa ajabu ya Mungu, alikufa kwa ajali ya gari, huko Mombasa, mwezi Januari 1979. Miji miwili hiyo, Morogoro na Mombasa, haiachani katika habari hizi.

Mwaka 2000 kampuni moja ya Ujerumani ilikusanya nyimbo za Salum za kati ya mwaka 1955 na 1965, ikazitoa katika diski moja iliyopewa jina la ule wimbo wake, Ngoma Iko Huku. Nimefurahi na nimeona haya kwa pamoja. Nimefurahi kwa kuwa nyimbo zimeokolewa. Nimeona haya kwa kuwa ilikuwa lazima mtu atoke Ulaya ndipo zikusanywe, wakati santuri zenyewe zimelala chini ya vitanda vya wazee wetu, huku Unyamwezi, zikiliwa na mchwa wa masanduku.

Babu yangu anayo moja. Baba yake ndiye aliyeileta toka mkonge, pamoja na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, akaibeba magotini njia nzima katika behewa la daraja la tatu ili isivunjike. Ni santuri ya Mzuri, ya Cuban Marimba. Haikuvunjika garimoshini, ilimeguka ukingoni nyumbani, miaka mingi baadaye, kwa mikono ya watoto ambao mmoja wao ni baba yangu huyu huyu asiyependa muziki. Kwa sababu ya pengo hilo mwanzo wa wimbo haupigiki, na sauti ya Salum huingia ghafula katikati ya neno. Mara ya mwisho ilipopigwa nilikuwa mdogo. Babu alisimama, akaweka fimbo yake ukutani, akacheza hatua chache peke yake, polepole, akiwa amefumba macho.

Tangu hapo sindano za gramafoni zimekwisha. Nimezitafuta sokoni na katika maduka ya mafundi redio sikuzipata, na babu sasa ana miaka themanini kasoro. Mwanafunzi yeyote, au mwalimu, anayejua mahali zinapopatikana, hapa Tabora au kwao atakapokwenda likizo, tafadhali anijulishe. Sindano ni za chuma, zile fupi za kubadilisha, nami nitalipa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne